Protini zinazojijenga zenyewe: kushikana si kazi, kazi ni kujua pa kuishia

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Katika mjadala wa chanjo ya malaria uliopita hapa jukwaani, ndugu mmoja aliuliza swali lililozama chini ya maoni mengine bila kujibiwa: ikiwa chembe iliyomo ndani ya chanjo ina upana wa nanomita 20 na ushei, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, ni fundi gani anayeshika protini moja moja na kuziunganisha? Jibu ni kwamba hakuna fundi. Protini hizo hutambuana, zikashikana na kulikamilisha umbo zenyewe ndani ya maji. Nimefungua uzi huu kwa sababu jibu hilo likiachwa hivyo linasikika kama muujiza, na pia kwa sababu lina upande ambao watu wa maabara, nami nilikuwa mmoja wao kwa miaka kadhaa, huujua kwa uchungu kabla ya kuuelewa: kuzifanya protini zishikane si shida, shida ni kuzifanya ziache.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni selimundu. Himoglobini, inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu, ni protini ya minyororo 4, miwili ya alfa na miwili ya beta, na kila mnyororo wa beta ni mfuatano wa asidi amino 146, yaani vijenzi vidogo vya protini. Kwa mgonjwa wa selimundu, asidi amino ya 6 katika mnyororo wa beta imebadilika: mahali palipokuwa na glutamati, yenye chaji na yenye kupatana na maji, pamekaa valini, ambayo huyakimbia maji. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni, badiliko hilo halina madhara makubwa. Ikishaitua oksijeni hubadili mkao wake, na katika mnyororo wa beta wa molekuli jirani hufunguka kijishimo ambacho kingo zake ni asidi amino ya 85 na ya 88, zote mbili zikiwa za kukimbia maji vilevile. Valini huona humo mahali pa kujificha, ikaingia. Jirani naye ana valini yake, na jirani wa jirani ana kijishimo chake, hivyo mnyororo hauna sababu ya kukoma: nyuzi 14 husokotana kuwa ufito mmoja mgumu wenye unene wa nanomita 21 hivi, na seli nyekundu iliyokuwa laini hupinda kama mundu. Jina la Kiswahili limeeleza umbo vizuri sana, ila chanzo limekificha.

Linus Pauling na wenzake walipouita ugonjwa huu ugonjwa wa molekuli mwaka 1949, hawakujua bado kwamba tofauti yenyewe ni ya asidi amino moja. Hilo lilibainishwa na Vernon Ingram huko Cambridge mwaka 1956. Ninachotaka tukishike hapa ni kipimo cha jambo lenyewe. Kiraka kimoja chenye kunata, kwenye protini ambayo tayari ina ulinganifu wa pande mbili, kimetosha kujenga umbo ambalo hakuna aliyelichora.

#2 Mleta uzi

Naendelea. Protini hutambuanaje? Mwaka 1894 mkemia Mjerumani Emil Fischer alifananisha kimeng'enya na kile kinachomeng'enywa na kufuli na ufunguo wake, na mfano huo umedumu, ingawa unahitaji nyongeza mbili.

Ya kwanza ni kwamba kufuli hilo si la umbo pekee. Nyuso mbili za protini zikikutana, kwanza zinapaswa kuingiana mabonde na vilima. Kisha chaji chanya za huku zikabiliane na chaji hasi za kule. Kisha bondi za hidrojeni zipate wenzi wake. Na zaidi ya yote, sehemu zinazokimbia maji zifunikwe. Hili la mwisho ndilo lenye nguvu kubwa katika miungano mingi. Tazama matone ya mafuta juu ya mchuzi yanavyokutana na kuwa tone moja: hayavutani kwa mapenzi, ila maji yanayoyazunguka yanapata uhuru zaidi yakiguswa na mafuta kidogo kuliko yakiguswa na mafuta mengi.

Ya pili ni kwamba muungano mmoja mmoja ni dhaifu, na udhaifu huo ndio unaookoa ujenzi. Gamba la ndani la kirusi cha homa ya ini aina ya B hujengwa na jozi 120 za protini ile ile, na mguso kati ya jozi na jozi, ukiupima peke yake, unaweza kuachia kwa urahisi. Gamba zima ni imara kwa sababu kila jozi inashikwa na majirani kadhaa kwa pamoja. Jozi iliyokaa vibaya hushikwa na wachache, hivyo hutoka na kujaribu tena. Miguso ingekuwa na nguvu kupita kiasi, kosa la kwanza lingekuwa la kudumu, na badala ya magamba kamili tungepata vipande vilivyokwama nusu njia. Wazee wa pwani walioshona mitepe, vyombo vya bahari vya mbao, kwa kamba za kumbi bila shaka wangeelewa upesi tofauti ya kufunga kwa kamba na kupiga msumari.

Ushahidi kwamba hakuna siri nyingine iliyojificha ulipatikana mwaka 1955 huko Berkeley, California. Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walichukua protini ya kirusi cha batobato ya tumbaku kando, wakachukua RNA yake, uzi unaobeba taarifa zake za urithi, kando, wakachanganya, na virusi vyenye uwezo wa kuambukiza vikajijenga upya ndani ya chombo. Kirusi hicho ni fimbo yenye urefu wa nanomita 300 na unene wa 18, yenye nakala zipatazo 2,130 za protini moja. Sasa angalieni mahali fimbo inapoishia: ni pale RNA inapoishia. RNA ndiyo rula yake. Ufito wa selimundu hauna rula.

#3 Mchangiaji (Mwanza)

Mkuu, nashukuru kwa maelezo, lakini hapo pa kuishia naomba ufafanuzi. Virusi vingi ni vya duara na havitumii urefu wa RNA kama rula. Je, protini za duara zinajuaje kwamba kazi imekwisha? Na kwa nini himoglobini ya selimundu isijikunje ikawa duara badala ya ufito?

#4 Mleta uzi

Swali hili ndilo moyo wa fani yenyewe, ndugu yangu, na jibu ni pembe.

Chukua mpira wa miguu ule wa kizamani wenye vipande vyeusi na vyeupe. Una vipande 12 vya pembe tano na 20 vya pembe sita, na unafungika kwa sababu kila kipande kinapokutana na mwenzake uso unainama kidogo, na mainamo hayo yote yakijumlishwa yanakurudisha ulikoanzia. Ukishona vya pembe sita pekee, utapata shuka lisilo na mwisho. Kwa hiyo protini haihitaji kujua chochote. Pembe ya mguso ikiwa sahihi, ujenzi unapojifunga hakubaki kiraka kilicho wazi cha kumshika mgeni. Himoglobini ya selimundu ina mguso ambao pembe yake inaielekeza mbele daima. Ni bahati mbaya ya jiometria.

Francis Crick na James Watson walitoa hoja mwaka 1956 kwamba kirusi kidogo, kwa kuwa kina jeni chache, hakina budi kujijenga kwa nakala nyingi za protini zile zile. Mwaka 1962 Donald Caspar na Aaron Klug walionyesha ni maumbo gani yanaruhusiwa: umbo lenye nyuso 20 hupokea nafasi 60 zilizo sawa kabisa, au mafungu ya 60 katika hesabu maalumu, zikikaa katika hali zinazokaribiana. Maumbile yalikuwa na kanuni hiyo muda mrefu kabla yetu, na si kwa virusi tu. Feritini, inayotunza madini ya chuma mwilini, ni kizimba cha protini 24 chenye upana wa nanomita 12, na tundu lake huweza kubeba hadi atomi 4,500 za chuma.

Sasa binadamu anaingia vipi? Mwaka 2001 kundi la Todd Yeates katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilikuja na wazo ambalo hadi leo naliona kuwa miongoni mwa mawazo safi zaidi katika kemia. Zipo protini ambazo kwa asili hukaa tatu tatu, na zipo ambazo hukaa mbili mbili. Ukiziunganisha hizo mbili kuwa mnyororo mmoja kwa kipande kilichonyooka na kigumu, kile ambacho wanabiolojia hukiita heliksi ya alfa, basi urefu wa kipande hicho na mzunguko wake huamua pembe kati ya mhimili wa watatu na mhimili wa wawili. Pembe ikiwa ile inayotakiwa, nakala 12 hufunga kizimba chenye pande nne. Hawakubuni mguso wowote mpya. Waliazima iliyopo na kuipangia mwelekeo.

Kizimba kilionekana, lakini hakikuwa peke yake. Kipande cha kuunganisha kilipinda kidogo, kukatokea mchanganyiko wa maumbo, na ikachukua hadi mwaka 2012 kuipata picha kamili ya kizimba chenye nanomita 16, kwa njia ya fuwele, baada ya mabadiliko mawili madogo kwenye protini. Miaka 11 kwa ajili ya kupinda kidogo. Nawaambia haya wale wanaodhani kwamba wazo zuri ni nusu ya kazi.

Mwaka huohuo wa 2012, kundi la David Baker huko Seattle, likishirikiana na Yeates, lilipita njia nyingine. Badala ya kuunganisha kwa kipande kirefu, waliziweka protini za tatu tatu ndani ya kompyuta katika ulinganifu wanaoutaka, wakazisogeza mpaka nyuso zikakaribiana, kisha wakabadilisha asidi amino za nyuso hizo ili zitambuane. Vikatoka vizimba viwili: cha nakala 24 chenye nanomita 13, na cha nakala 12 chenye nanomita 11, vikiwa karibu sawasawa na mchoro wa kompyuta. Hapo utambuzi wenyewe ndio uliobuniwa.

#5 Mchangiaji (Nairobi)

Nimesoma kwa makini, Daktari, kama naruhusiwa kukuita hivyo. Mimi ni mtu wa viwandani na ninakubali kwamba kompyuta huchora vizuri. Ninachotaka kujua ni kinachotokea mchoro unapoingia kwenye chombo. Pia naomba ututajie kitu kimoja kilichofika kwa mtumiaji, si makala.

#6 Mleta uzi

Udaktari sina, mkuu, ila swali lako nalipokea kwa mikono miwili.

Kinachotokea mara nyingi ni mashapo meupe. Jeni ya protini uliyoibuni huingizwa ndani ya bakteria, kwa kawaida E. koli, unawalisha, unawapasua, unazungusha kwenye mashine ya kutenganisha, na unatarajia protini iwe imeyeyuka kwenye maji ya juu. Nakumbuka wiki tatu ambazo kila asubuhi nilikuta protini yangu yote imekaa chini ya chupa kama uji ulioganda. Sababu ni ile ile tuliyoanza nayo. Ili nyuso zitambuane ni lazima uweke asidi amino zinazokimbia maji. Ukizidisha, protini hazingojani minyororo yake ikunjwe vizuri katika umbo lake, zinaparamiana ndani ya bakteria kwa namna yoyote. Ukipunguza, hazishikani kabisa. Nafasi iliyopo katikati ni nyembamba.

Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Weizmann huko Israeli walionyesha jinsi ilivyo nyembamba. Walichukua protini 12 za E. koli zenye ulinganifu, wakabadilisha asidi amino za juu ya uso kwa lengo moja tu la kuongeza ukimbizi wa maji. Zote 12 zilianza kujikusanya kuwa maumbo makubwa, na nne kati yake zilitoa nyuzi ndefu ndani ya hamira kwa badiliko moja pekee. Halafu wakachunguza maelfu ya protini za aina hiyo zinazojulikana na kukuta kwamba zile ncha ambazo kijiometria ni za hatari, maumbile yamezipaka asidi amino zinazopenda maji. Kwa maneno mengine, protini zinaishi ukingoni, na mageuzi yamekuwa yakifanya kazi ya kuzizuia zisishikane.

Njia mojawapo ya kuepuka mashapo ni kugawa kizimba katika sehemu mbili ambazo kila moja peke yake haina mwenzi. Mwaka 2016 kundi la Seattle lilichapisha vizimba vya nakala 120 vyenye upana wa kati ya nanomita 24 na 40. Kinachojulikana zaidi kinaitwa I53-50: vikundi 20 vya protini tatu tatu vinatengenezwa kwenye chombo kimoja, vikundi 12 vya tano tano kwenye kingine, na hakuna kinachotokea mpaka uvichanganye. Vikichanganywa, 60 na 60 hufunga kizimba. Mtu wa viwandani ataelewa faida yake: kila sehemu inasafishwa na kukaguliwa kando, na ujenzi unaanza saa unayoitaka wewe.

Nawe umeomba kilichofika kwa mtumiaji. Kizimba hichohicho ndicho kiunzi cha chanjo ya UVIKO-19 iitwayo SKYCovione, ya kampuni ya SK bioscience, iliyoidhinishwa Korea Kusini mwezi Juni 2022. Juu ya vile vikundi 20 vya tatu tatu vimepachikwa vipande 60 vya protini ya kirusi cha korona, sehemu ile inayoshika seli ya binadamu. Seli B za kinga zina vipokezi vingi juu ya uso wake, na zinaamka kwa nguvu zaidi vipokezi kadhaa vikivutwa kwa pamoja na kitu kimoja kuliko vikiguswa na kipande kimoja kinachoelea. Chanjo hiyo ilifika wakati watu wengi walikwisha kuchanjwa kwa nyingine, kwa hiyo haikupata umaarufu. Lakini ilikuwa dawa ya kwanza kuidhinishwa iliyojengwa kwa protini iliyobuniwa kwa kompyuta.

Hapa nisichanganye mambo. Chanjo za malaria zilizoanzisha mjadala huu, RTS,S na R21, hazitumii kizimba cha kubuniwa. Zinatumia protini ya uso ya kirusi cha homa ya ini B, ambayo kwa asili yake hujikusanya kuwa chembe ndani ya hamira, na kipande cha protini ya kimelea cha malaria kimeungwa nayo. Katika RTS,S ni sehemu tu ya protini za kila chembe inayobeba kipande hicho. Katika R21 zote zinakibeba. Ile ya kwanza ilianza kutolewa kwa majaribio Malawi, Ghana na Kenya mwaka 2019, na ya pili ilijaribiwa, pamoja na Mali na Burkina Faso, huko Kilifi na Bagamoyo, kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza Oktoba 2023. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi wanayopewa mabinti zetu shuleni nayo ni ya ukoo huo: protini ya gamba la kirusi iitwayo L1, nakala 360 katika mafungu 72 ya tano tano, tupu ndani, bila jeni yoyote ya kirusi.

#7 Mchangiaji (Mwanza)

Narudi tena, mkuu, samahani. Kipande hicho cha kimelea au cha korona kinapachikwaje bila kuharibu pembe uliyotueleza? Na je, mwili hautashambulia kiunzi chenyewe?

#8 Mleta uzi

Hakuna haja ya samahani. Njia ya kwanza ni kukiunga kwenye jeni, mwisho wa mnyororo unaotazama nje, na kuomba Mungu protini ikunjwe vizuri. Kwa kipande kikubwa mara nyingi haikunjwi. Njia ya pili ni gundi ya maabara ya Mark Howarth, ambayo wakati huo, mwaka 2012, ilikuwa Oxford. Waliipasua protini moja ya bakteria Streptococcus pyogenes, wakapata kijipande cha asidi amino 13 tu, SpyTag, na mwenzake mkubwa, SpyCatcher. Vikikutana hutambuana, kisha hufunga bondi ya kudumu isiyoachia hata ukichemsha. Unaweka kimoja kwenye kizimba, kingine kwenye mzigo. Mtaona kwamba hapa tumeukubali msumari, lakini unapigwa baada ya kizimba kwisha kujijenga kwa kamba, si kabla.

Kuhusu kiunzi, ndiyo, mwili hutengeneza kingamwili dhidi yake pia. Wabunifu hupunguza hilo kwa kukifunika kiunzi kwa mzigo wenyewe au kwa sukari. Suala hilo litakuwa zito pale mtu mmoja atakapochanjwa mara kadhaa kwa magonjwa tofauti kwa kiunzi kile kile, na sitalifanya liwe jepesi kuliko lilivyo.

Kabla sijaulizwa kuhusu akili mnemba: imebadilisha kasi, haijabadilisha jiometria. Programu za ProteinMPNN ya mwaka 2022 na RFdiffusion ya mwaka 2023 zinapendekeza minyororo ambayo hukunjwa inavyotakiwa mara nyingi kuliko ile tuliyokuwa tukiibuni zamani, na Baker alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2024 kwa kubuni protini, nusu nyingine ikienda kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa kutabiri maumbo yake. Vizimba bado vinafungwa kwa mbili mbili, tatu tatu na tano tano.

#9 Mchangiaji (Dar es Salaam)

Shikamoo wakubwa wote. Nina mtoto mwenye selimundu, kwa hiyo nimesoma mwanzo wa uzi huu mara mbili. Ikiwa mnajua kubuni miguso ya kushikana, je, hakuna wa kubuni mguso wa kuuzuia huo ufito?

#10 Mleta uzi

Marahaba, mama, au baba, na pole kwa kuuguza. Kizuizi hicho kipo tayari, na mtoto wako alizaliwa nacho. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ambayo mahali pa beta ina mnyororo wa gama. Mnyororo huo hauna ile valini, na uso wake unatofautiana na beta mahali panapohusika na mguso, hivyo molekuli yenye gama haiingii kwenye ufito. Ndiyo sababu dalili huwa hazijitokezi katika miezi ya kwanza, mpaka himoglobini hiyo itakapopungua.

Dawa ya hidroksiurea, ambayo huenda kliniki yenu imekwisha kuwatajia, huongeza himoglobini hiyo ya utotoni. Faida yake ni kubwa kuliko kiasi kinachoongezeka, kwa kuwa ufito hauanzi mara moja oksijeni inapotuliwa. Upo muda wa kungoja kabla molekuli za kwanza hazijakusanyika za kutosha, na muda huo hurefuka sana himoglobini yenye kunata inapopungua hata kidogo ndani ya seli. Seli nyekundu ikiwahi kurudi kwenye mapafu kabla muda huo haujaisha, inachukua oksijeni, kijishimo kinafungika, na haipindi. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 inafuata njia hiyohiyo: haiigusi valini, inaondoa breki iliyoizima gama. Gharama yake bado ni kubwa mno kwa hospitali zetu, lakini hidroksiurea ni ya kumeza, na ukienda kliniki muulize daktari wa mtoto kuhusu kipimo chake na damu ya kupimwa kila baada ya muda.